Herufi Nane za Kina Shekiondo

Wiki niliyokabidhi funguo, Frida wa chumba cha kompyuta aliniomba niandike ukurasa mmoja. "Mmoja tu, Mzee Zuberi. Jinsi mlivyoendesha kliniki kwa lile dude la zamani, ili wenzetu wanaokuja wajue." Mimi nimekulia sokoni. Anayesema "mmoja tu" ameshapanga kuomba wa pili kama nyongeza. Kwa hiyo nampa yote kwa mkupuo, asirudi. Vyeo sivitaji: vilikuwa viwili, na cha pili kilinikuta kwenye meza ile ile, kiti kile kile, mguu mmoja umefungwa kwa waya.

Nilianza kazi hospitalini hapa Lushoto nikiwa karani wa masjala ya kadi. Kabla ya hapo nilikuwa nauza peasi na plamsi kwenye madirisha ya mabasi pale Mombo, kazi inayokufundisha kuhesabu haraka, na kuhesabu tena kabla basi halijaondoka. Nilidhani kadi za wagonjwa zitakuwa rahisi kuliko peasi, kwa sababu kadi hazibonyei.

Siku ya kwanza niliwekwa chini ya Mama Naomi, muuguzi wa kliniki ya kifafa, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Akanituma kadi ya Shekiondo Mariamu. Nikampelekea.

"Nimekwambia Shekiondo Mariamu."

"Si huyo hapo, Mama?"

"Huyu ni Shekiondo Mariamu wa Bungu. Mimi nataka wa Muheza."

"Mama, mtu wa Muheza apande mlima wote huu kufuata dawa?"

"Nani kakwambia anakaa Muheza? Mama yake ndiye mzaliwa wa Muheza. Mtoto ni wa hapa hapa. Wa Bungu ni bibi yake, shangazi wa baba yake, naye anatumia dawa hizo hizo. Umeelewa au nikuchoree?"

Nilielewa baada ya miezi miwili. Huku kwetu mtoto anapewa jina la bibi au babu, na ukoo ukiwa mkubwa jina moja linabebwa na watu wanne walio hai, wote wakiwa na kadi kwako. Kwa hiyo Mama Naomi aliandika ukoo kwanza, kisha jina, kisha nyumbani kwa mama wa mgonjwa. Baba hakumtumia kabisa. "Baba zao wote ni Shekiondo," alisema. "Watanisaidia nini?"

Kazi yake ya pili, ambayo haikuandikwa popote, ilikuwa ukalimani. Wazee wengi walieleza ugonjwa wao kwa Kishambaa, na madaktari wetu walitoka kwingine. Nilimwona siku moja bibi mmoja akisimulia robo saa nzima, kuanzia ndoto, shamba la maharage, mpaka ugomvi na mkwewe. Daktari akaangalia saa. "Kwa kifupi, amesemaje?"

"Kwa kifupi hajasema, Daktari," Mama Naomi akajibu, akaanza kutafsiri kutoka kwenye ndoto. Mle kwenye shamba la maharage ndimo ilimokuwa siku aliyoanguka bila mtu kumwona. Tulipotoka akanitazama kama mimi ndiye niliyeuliza. "Mkalimani hapunguzi, Zuberi. Akianza kupunguza, anakuwa daktari, na hajasomea."

Mashine ilikuja mwaka wangu wa tatu. Ilikuwa msaada wa wafadhili, ikapandishwa kutoka Mombo kupitia Soni nyuma ya Land Rover, imefungwa mablanketi manne kama mgonjwa. Ilitumia Unix, mfumo wa kuendeshea mashine, tena ya kununua, ile iliyokuja na sanduku la vitabu na karatasi za masharti nene kuliko vitabu. Masharti yaliruhusu watu wawili kuitumia kwa wakati mmoja. Wa tatu alifukuzwa na mashine yenyewe, kwa Kiingereza, bila kusalimiwa.

Programu ya kliniki iliandikwa kwa lugha ya kampuni nyingine. Lugha hiyo haikuweza kufanya kazi bila mkalimani wake. Vijana mnalijua hili, lakini naandika kwa atakayesoma bila kulijua: mkalimani ni programu inayosoma programu nyingine mstari kwa mstari na kutenda kilichoandikwa. Bila yeye, programu ya kliniki ni barua isiyo na wa kuisoma. Na mkalimani huyo alikuwa na leseni yenye tarehe ya mwisho.

Hilo hatukulisoma. Tulichofanya, kwa busara kubwa ya kikao kizima, ni kutangaza kwamba kadi hazina kazi tena. Baada ya kuingiza kila kitu kwenye mashine, kadi ziligawiwa kama karatasi chakavu. Mwezi mmoja baadaye nilinunua maandazi matatu sokoni yamefungwa ndani ya mgonjwa wa mapafu. Nilimrudisha masjala, ana mafuta.

Miaka miwili ikaenda vizuri. Kisha Jumatatu moja asubuhi nikawasha, mashine ikasema leseni imekwisha muda. Nikazima, nikawasha tena. Ikarudia neno kwa neno. Nikampigia wakala aliyetuuzia huduma, Bwana Lukasi, aliyekuwa Dar es Salaam.

"Kampuni iliyotengeneza lugha hiyo imenunuliwa," akaniambia.

"Na walioinunua?"

"Wameiacha."

"Wameiacha wapi, tukaichukue?"

"Bwana Zuberi, bidhaa hiyo haipo tena."

"Hapa ipo. Inatukatalia tangu asubuhi."

Kilichonitia hasira si leseni peke yake. Faili za wagonjwa zilikuwepo kwenye diski na niliweza kuzisoma, lakini dozi ya mtu haikuandikwa popote kama dozi. Yaliandikwa mabadiliko tu tangu siku ya kwanza: ongeza nusu, punguza moja, rudisha, simamisha wiki mbili, kwa alama ambazo aliyezibuni alizielewa peke yake. Programu ndiyo iliyojumlisha yote na kusema leo mpe vingapi. Na kliniki kubwa, ambapo wagonjwa wote huja kuchukua dawa, ilikuwa baada ya wiki tano.

Mama Naomi alianza kuwaomba watu walete bahasha za dawa za mara ya mwisho. Zilikuja zimechanika, zimemwagikiwa chai, nyingine zikiwa za dawa ya minyoo. Akaja mezani kwangu.

"Mtoto wa Muheza alipunguziwa mara ya mwisho, alikuwa analala darasani. Bahasha yake imeloa mvua. Mama yake anasema kimoja, au kimoja na nusu. Ana miaka minane, Zuberi. Akipewa nyingi hataamka vizuri, akipewa kidogo ataanguka jikoni kwenye moto. Mimi sikisii."

"Nifanye nini sasa, Mama?"

"Si umesema tatizo ni mkalimani? Tengeneza mwingine."

Alisema kama mtu anayekuagiza ukate mpini wa jembe. Nilikuwa nimesoma kozi ya wiki tatu na vitabu vya lile sanduku, basi. Nikafungua kitabu cha lugha yenyewe, nikahesabu amri zake: tisini na moja. Nikahesabu tena: tisini na moja. Kisha nikapitia programu ya kliniki ukurasa kwa ukurasa nione inatumia zipi. Ishirini na tatu. Hapo nikapata nafuu, maana hapo palikuwa na nafasi ya kupatana. Lugha inataka tisini na moja, mimi natoa ishirini na tatu, hizo nyingine ibaki nazo.

Tatizo likawa kompaila, programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa kitu mashine inachoweza kukitenda. Nilitaka kuandika kwa lugha ya C, na Unix yetu, ya kununua, ya masharti kilo mbili, haikuja na kompaila ya C. Ilikuwa inauzwa peke yake. Hebu fikiria muuza jembe anakukabidhi mpini, halafu anakuuliza kama utapenda na chuma.

Bwana Lukasi alikuwa anakuja kutafuta saini ya kuendeleza mkataba wa matengenezo. Nilimkaribisha chai, nikamuuliza habari za nyumbani, za barabara, za mvua ya Soni. Fomu ikakaa mezani. Kalamu ikakaa mfukoni kwangu.

"Bwana Zuberi, tusaini basi, niwahi gari."

"Tutasaini. Kompaila iko kwenye begi?"

"Kompaila ni bidhaa nyingine."

"Sawa kabisa. Na saini nayo ni bidhaa nyingine. Mganga mkuu ameniachia mimi niseme kama tumeridhika."

"Unanibana."

"Mimi? Kunywa chai, Bwana Lukasi. Ongeza sukari."

Alilala Lushoto siku hiyo. Kesho yake alipiga simu tatu, na wiki ile ile tepu ya kompaila ikapanda na basi, pamoja na barua ya leseni yake halali. Nilikagua tarehe ya mwisho kwanza. Haikuwepo. Ndipo nikasaini.

Sasa ninyi mnaosema siku hizi kazi ile ni ya mchana mmoja, nawasikia. Frida ameniambia hivyo mara mbili, kwa adabu. Nilikuwa na kioo cha kijani kibichi kilichoonyesha mistari ishirini na minne, na mashine iliyochukua dakika kumi na moja kupitisha kazi yangu kwenye kompaila kila nilipobadilisha koma. Mkalimani ana sehemu tatu. Ya kwanza inakata maandishi kuwa maneno. Ya pili inapanga maneno yaeleweke nani anamfanyia nani nini. Ya tatu inatenda. Ya kwanza ilinichukua siku nne. Ya pili nilidhani nimeimaliza, kumbe lugha ile ilihesabu kutoka kushoto kwenda kulia bila kujali kuzidisha wala kujumlisha. Mbili jumlisha tatu mara nne kwake ni ishirini. Shule zote ulimwenguni zinasema kumi na nne. Nilipoteza siku mbili nikitafuta kosa langu, na kosa halikuwa langu. Lilikuwa la lugha, limeandikwa kwenye kitabu, ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, kama sifa njema.

Halafu kumbukumbu ya mashine ikaanza kunibana. Kila jina nililolihifadhi lilikula nafasi. Kitabu kilisema, kuhusu majina ya ndani ya programu, kwamba herufi nane za kwanza zinatosha kutofautisha jina na jina. Nikaona hilo ni punguzo zuri. Nikalichukua kwa majina yote: ya programu, na ya wagonjwa.

Najua mnaoelewa mmeshashika kichwa. Mimi sikushika. Nilifurahi kama mtu aliyeshusha bei ya tenga zima.

Siku mbili kabla ya kliniki mkalimani wangu aliendesha programu mwanzo hadi mwisho bila kuanguka. Nikahesabu wagonjwa kwenye faili: mia mbili na kumi na wanne. Mama Naomi akahesabu kwenye daftari lake la mahudhurio: mia mbili na kumi na wanne. Nikahesabu faili mara ya pili, nikapata hao hao. Tulipeana mikono. Akaniambia "Hongea," asante ya Kishambaa, neno ambalo hakulitoa ovyo.

Siku ya kliniki watu walijaa uani kuanzia alfajiri. Mimi kwenye kibodi, Mama Naomi dirishani, mtoa dawa nyuma yetu. Naandika jina, mashine inalirudia juu ya kioo, chini yake inatoa dozi, Mama Naomi anasoma kwa sauti, dawa inahesabiwa. Tulikwenda hivyo wagonjwa kumi na saba. Wa kumi na nane alikuwa mtoto wa sketi ya shule ameshikwa mkono na mama yake.

"Shekiondo Mariamu, wa Muheza," nikaandika. Mashine ikatoa.

"Vitatu," Mama Naomi akasoma. Mtoa dawa akaanza kuhesabu. Alikuwa ameshafunga bahasha na kuipeleka dirishani, mama wa mtoto amenyoosha mkono, Mama Naomi alipoweka kiganja chake juu ya bahasha.

"Ngoja. Vitatu ni vya nani?"

"Vya Mariamu, Mama. Ndivyo inavyosema."

"Mtoto huyu hakuwahi kufika viwili. Vitatu asubuhi ni vya bibi yake. Mwandike bibi."

Nikamwandika wa Bungu. Vitatu. Nikaandika Shekiondo Hamisi, kijana fundi baiskeli. Vitatu. Nikaandika Shekiondo, nikaongeza upuuzi wowote uliokuja kidoleni. Vitatu. Neno Shekiondo lina herufi tisa. Kwa mkalimani wangu, ukoo mzima ulikuwa mtu mmoja, na dozi iliyobaki ilikuwa ya bibi, kwa sababu yeye ndiye aliyekataa mashine mpaka mwisho na kuandikishwa nyuma ya wote.

"Lakini tulihesabu," nikasema. "Mara mbili!"

"Ulihesabu wapi?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Nilihesabu faili, mara zote mbili. Faili lilikuwa kamili. Sikumuuliza mkalimani yeye anaona wangapi. Pale Mombo nimewauzia watu wengi tenga ambalo peasi nzuri ziko juu, na wote walihesabu matenga, hakuna aliyemwaga. Nikamwamuru mkalimani ataje kila jina alilonalo. Alitaja mia moja thelathini na tisa.

Mama Naomi hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige. Alichukua orodha ya wale kumi na saba, akaweka kidole kwenye majina mawili ya koo zenye wagonjwa zaidi ya mmoja. "Huyu na huyu. Wa kwanza yuko uani anakula muhogo, nitamwita mimi. Wa pili ameshaondoka, anakaa njia ya Kifungilo. Kimbia."

Nilikimbia na viatu vya ofisini. Nilimkuta mama yule kwenye kona ya tatu, ametua mzigo, anapumua. Nikamweleza, nami napumua kuliko yeye. Akafungua ncha ya khanga, akanipa bahasha, akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Umenifukuza mlima wote huu kwa vidonge?"

"Samahani, mama. Mashine imekosea."

"Mashine haina jasho," akasema. "Wewe ndiye umekosea."

Niliporudi nilibadilisha mstari mmoja tu, herufi nane zikawa jina zima lenye urefu wowote, kumbukumbu itajijua. Kisha tukasubiri dakika kumi na moja, watu wote uani, mimi nikitazama kioo na Mama Naomi akinitazama mimi. Nikamwamuru tena mkalimani ataje. Mia mbili na kumi na wanne. Tukamwandika mtoto wa Muheza.

"Kimoja," Mama Naomi akasoma. Akainama dirishani mpaka akalingana na mtoto. "Mariamu, nisikilize. Ukija hapa, hata kama sipo, hata ukiwa mkubwa, usiseme jina peke yake. Sema wa Muheza. Sema mpaka uone wameandika. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Sema."

"Shekiondo Mariamu, wa Muheza."

Mtoto akapewa bahasha yake. Mama Naomi akaninong'oneza bila kugeuka, "Mimi nikimtafsiria daktari, nampunguzia?" Wa kumi na tisa alikuwa ameshafika dirishani.

Mkalimani wangu alifanya kazi miaka mingi kuliko kampuni zote mbili. Nilimhamishia kwenye mashine ya pili, kisha ya tatu, na amri zake zikaongezeka kutoka ishirini na tatu hadi thelathini na moja, kila moja kwa malalamiko. Mama Naomi alistaafu, akarudi shambani kwake. Bibi wa Bungu alifariki akiwa mzee sana, na si kwa kifafa. Kila nilipobadilisha chochote nilihesabu mara mbili, mara moja kwenye faili na mara moja ndani.

Wiki yangu ya mwisho tulihamia mfumo mpya ulioletwa kutoka mjini, wenye rangi na picha ya mtu anayetabasamu. Frida alikuja ana furaha. "Mzee, wote wamevuka. Nimehesabu."

"Umehesabu wapi?"

Akacheka, maana hadithi aliijua nusu. Akahesabu kwenye faili, akahesabu ndani. Zililingana, nikamsifu, na sikufurahi, maana mkalimani wangu hakuhitajika tena. Frida alikuwa bado yuko kwenye kioo. "Ila huyu Shekiondo Mariamu yupo mara mbili. Mmoja alishafariki. Nimfute, yasije yakatokea mambo?"

"Mwache. Yatatokea ukimfuta. Atakayekuja ataona wako wawili, atauliza."

Siku hiyo hiyo, dirishani, akasimama mwanamke mrefu wa sare ya ualimu, kitenge begani. Namjua tangu sketi ya shule. Akamwamkia mzee aliyekuwa mbele yake foleni, akaniamkia mimi, nikaitikia marahaba, kisha akamgeukia Frida, na kabla hajaulizwa akasema polepole, kama mtu anayesubiri kalamu imfikie:

"Shekiondo Mariamu, wa Muheza."

Frida akaandika jina, akasimama. Akasogea sikioni kwangu. "Mzee, anuani yake ni ya hapa Lushoto. Mbona anasema Muheza? Na hakuna mahali pa kuandika hiyo."

Yule mwanamke alikuwa bado anatazama vidole vya Frida, haondoki dirishani.

"Tengeneza," nikamwambia Frida. "Tutasubiri."